Mkono Hewani Usipewe Kazi ya Kipanya

Katika vyombo vyote ambavyo wanadamu wamevibuni ili wapate kusemezana na kompyuta, ni vichache vilivyopokewa kwa shangwe na kisha kusahauliwa upesi ndani ya saraka za meza kama vile vinavyosoma mkono mtupu ulioinuliwa hewani. Na katika kazi zote ambazo vyombo hivyo vilitarajiwa kuzifanya, kazi ya usanifu ni mojawapo ya zile zilizotiwa matumaini makubwa, yaani kuchora nyumba, daraja, gia au injini kwa kuchezesha vidole mbele ya kioo, bila ya kalamu, bila ya kipanya, bila ya kugusa kitu chochote. Mimi ni katika wanaovipenda vyombo hivyo kwa dhati, na kwa sababu ya mapenzi hayo nasema, pasipo kusitasita, kwamba vimedhulumiwa, na waliovidhulumu ni wale wale waliovitumia kwa bidii. Mkono ulio hewani walitaka uwe kipanya, ukashindwa, maana kipanya kwa kazi yake hakina mshindani. Na kazi ambayo mkono huo ungaliifanya kwa ustadi usio kifani haikukumbukwa.

Chombo kilicholeta habari hizi mpaka kwenye meza za watu wa kawaida kilianza kuuzwa mwezi wa Julai 2013. Kampuni ya Leap Motion ya San Francisco, iliyoasisiwa miaka mitatu kabla ya hapo na Michael Buckwald na David Holz, marafiki tangu utotoni, ilitoa kisanduku chembamba chenye urefu wa kama sentimita 8, kwa bei ya kadiri ya dola 80 za Marekani. Ndani yake mlikuwa na kamera mbili ndogo na taa tatu zitoazo mwanga wa infraredi, ule ambao jicho la mwanadamu halina uwezo wa kuuona. Kisanduku kililazwa mezani mbele ya kioo cha kompyuta, kikitazama juu. Taa zikaumulika mkono uliopita juu yake kwa umbali wa kadiri ya sentimita 60, kamera zikaupiga picha mara nyingi katika kila sekunde, na programu ikakokotoa kutokana na picha hizo mahali pa kila kidole na upande kiganja kinakoelekea. Mwaka huo huo Autodesk, kampuni iliyoanza kuuza AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, mwaka 1982, ilitoa nyongeza ya kukiunganisha chombo hicho na Maya, programu yake itumiwayo na watengenezaji wa maumbo ya sinema.

Lakini walioipeleka sifa yake mbali zaidi ni watu wa roketi. Septemba 2013 kampuni ya SpaceX ilitoa filamu fupi ambamo Elon Musk alionyesha jinsi wahandisi wake walivyokiunganisha kisanduku hicho na NX, programu ya usanifu ya Siemens, kisha na picha za pande tatu na miwani ya Oculus Rift. Injini ya roketi, iliyochorwa kwa nyuzi za mwanga, ilionekana ikizunguka kwa kuufuata mkono wa mtu aliyesimama mbele yake, na mwisho wa filamu kipande cha chuma kikachapwa na mashine kwa nguvu ya leza. Wengi waliikumbuka sinema ya Minority Report ya mwaka 2002, ambayo ishara zake za mikono zilibuniwa kwa ushauri wa John Underkoffler, mtaalamu aliyetoka chuo cha MIT. Na mambo waliyoyadhania kuwa ya hadithi wakaona yamekuwa dhahiri mbele ya macho yao. Yamkini hapana saa iliyowavutia wanafunzi wa uhandisi kwenye jambo hili kuliko saa ile.

Namsihi msomaji aitazame filamu hiyo tena, safari hii kwa jicho la fundi. Mkono ule unafanya nini? Unalizungusha umbo, unalisogeza karibu na kulirudisha mbali, unalisukuma likaenda likizunguka, kisha unalituliza. Hauandiki kipimo. Hautoboi tundu la bolti wala hauamui unene wa bati. Kazi yake kubwa ni kulisaidia jicho kuona upande ambao lilikuwa halijauona, na katika kazi hiyo mkono umefanikiwa kiasi cha kumfanya mtazamaji asadiki kwamba injini nzima imesanifiwa hivyo hivyo, kwa vidole hewani. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Watu walichukua ushahidi wa kazi moja wakautumia kuthibitisha nyingine.

Sababu ya mafanikio yale ni rahisi kuieleza. Umbo lenye urefu, upana na kina lina mienendo sita: laweza kusogea kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma, tena laweza kugeuka kwa kuzunguka kila mojawapo ya mihimili hiyo mitatu. Kipanya, tangu Douglas Engelbart alipokionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kinajua mienendo miwili tu ya juu ya meza. Na ndiyo maana mchoraji wa AutoCAD anayetaka kuuona mgongo wa nyumba aliyoichora hulazimika kubonyeza Shift kwa mkono mmoja huku akilikandamiza gurudumu la kipanya kwa mkono wa pili, na nyumba ikageuka kwa namna ambayo mwanafunzi mpya hufanya mazoezi mengi kabla ya kuizoea. Mkono mtupu una mienendo yote sita kwa kuzaliwa nayo. Mtoto mdogo akipewa kikombe hukigeuza ili atazame chini yake, na hapana aliyemfundisha.

Wajerumani walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1993, katika jaribio lililoitwa ROTEX, taasisi yao ya safari za anga ilipeleka mkono wa roboti ndani ya chombo cha Columbia, nao uliongozwa kwa tufe ambalo mtu hulishika na kulisukuma au kulipinda kidogo kuelekea upande wowote autakao. Kutokana na utafiti wa taasisi hiyo kilitoka chombo kiitwacho SpaceMouse, ambacho hadi leo kinakaa upande wa kushoto wa meza za wahandisi wengi, kikigeuza maumbo wakati mkono wa kulia unachora. Nakitaja kwa sababu kimedumu, na ukikitazama utaona kwamba kimedumu kwa kuwa kina mambo mawili kwa pamoja: kina mienendo sita, na kinaupa mkono mahali pa kutua.

Sasa tuutazame mkono mtupu ukipewa kazi ya kalamu. Mchoraji ana ukuta kwenye kioo, naye anataka kuivuta pembe yake mpaka mahali anapopajua. Anainua mkono, anakutanisha kidole gumba na kidole cha shahada, na programu inafahamu kwamba pembe imeshikwa. Anaisogeza polepole, inafika mahali pake barabara, roho yake inatulia. Imebaki kuiachia tu. Lakini kuiachia ni kutenganisha vidole, na vidole haviwezi kutengana pasipo ncha zake kusogea, nayo programu, ambayo muda wote ilikuwa ikizifuata ncha hizo hizo, huzidi kuzifuata kabla haijatambua kwamba mshiko umekwisha, hata pembe iliyokuwa mahali pake ikaruka na kutua kando. Anarudia. Safari hii anaachia kwa hadhari kubwa, na hadhari inaukakamaza mkono, na mkono uliokakamaa hutetemeka. Anarudia tena, kiganja kinalala ubavu, kidole kimoja kinavificha vingine visionwe na kamera zilizo chini yake, na programu inabaki kubahatisha. Dirisha likiwa wazi na jua la alasiri likaifikia meza, kama liingiavyo katika ofisi nyingi za pwani yetu, taabu huzidi, kwa kuwa jua nalo limejaa mwanga wa infraredi, na kamera hushindwa kupambanua mwanga wa taa zake na mwanga wa jua. Na wakati wote huo bega linabeba mkono mzima hewani, na halichukui muda mrefu kulalamika.

Wachoraji wa zamani, waliosimama mbele ya mbao zenye rula ndefu, wakichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi nyembamba ipitishayo mwanga na kukwangua makosa kwa wembe, hawakuwa wakipitisha mstari ila ukingo wa kiganja na kidole cha mwisho vimeegemea karatasi. Kipanya kimeurithi urahisi huo: kifundo cha mkono kimetua mezani, na kitufe hubonyezwa kwa kidole kimoja pasipo mkono wenyewe kusogea. Tena mkono hujifunza kwa kukatazwa. Mchonga milango wa Unguja au wa Lamu, anapoishindilia patasi katika mbao ya msaji, huujua ugumu na ulaini wa mti kwa kiganja kabla ya jicho, kwa sababu mti nao unamsukuma, na nakshi nzima hutoka katika mabishano hayo baina ya chuma na ubao. Hewa haibishani na mtu. Wenye maarifa walilitambua pengo hili, ndipo kampuni ya Ultrahaptics ya Bristol, Uingereza, ikabuni njia ya kutumia mawimbi ya sauti isiyosikika ili kiganja kilicho hewani kihisi mguso, na mwaka 2019 ikainunua Leap Motion yenyewe, zikawa kampuni moja kwa jina la Ultraleap. Ni ubunifu wa kustahili heshima. Lakini mguso ule ni mwepesi mno, na hauwezi kuubeba uzito wa mkono uliochoka.

Wako watakaonijibu kwamba haya yote ni upungufu wa utoto, na kwamba kamera zikiendelea kuwa kali mambo yatanyooka. Jawabu hilo silikubali, ingawa nakiri kwamba lina nguvu kidogo. Leap Motion ilijisifia usahihi wa sehemu moja kwa mia ya milimita; watafiti wa Dortmund, Ujerumani, walipokipima chombo hicho mwaka 2013 kwa kuushikisha mkono wa roboti kalamu na kuipitisha juu yake, walikuta tofauti isiyofika milimita 0.2 kalamu ilipotulia, na kadiri ya milimita 1.2 ilipotembea. Sifa ya moja kwa mia haikufikiwa, lakini hata hizo walizozikuta si tarakimu za kudharauliwa. Kamera si mshitakiwa wa kwanza. Tuseme kesho ipatikane kamera isiyokosea hata kidogo: itauona kwa usahihi mtetemo wa mkono, itauona kwa usahihi mkono uliosogea wakati wa kuachia, na kuyaandika yote katika ramani.

Na kwa nini tuutake mkono usahihi ambao usanifu wa kompyuta haujapata kuutaka kwake tangu ulipozaliwa? Hili ndilo naliona wengi wamelisahau, nami nitalikalia kidogo. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake juu ya programu aliyoiita Sketchpad, iliyofanya kazi katika kompyuta kubwa ya TX-2, na mchoraji wake alitumia kalamu ya mwanga aliyoielekeza kwenye kioo. Aliyechora mraba kwa kalamu hiyo hakuhitaji kuuchora sawasawa. Alivuta mistari minne iliyopinda na kuyumba, kisha akaiambia mashine kwamba hii na hii iwe sambamba, hii na hii ikutane kwa pembe mraba, na hizi zilingane urefu. Mashine ikakokotoa, na mistari ikajinyoosha yenyewe mbele ya macho yake. Mkono ulitoa nia na mashine ikatoa usahihi. Kalamu ya mwanga ilitoweka maofisini baadaye, na uchovu wa mkono ulioinuliwa ulikuwa mojawapo ya sababu, lakini mapatano hayo baina ya mkono na mashine hayakutoweka: hata leo mlango wenye upana wa milimita 900 hauchorwi kwa kukisia mpaka kipanya kifike 900, bali huandikwa 900 kwenye kibodi, na mshale ukikaribia ncha ya ukuta huvutwa na kunata kwenye ncha hiyo kwa hiari ya programu. Kipanya chenyewe, basi, hakiaminiwi vipimo. Ni ajabu kwamba mkono mtupu, ulio dhaifu kuliko kipanya katika jambo hili, ndio uliotakiwa ujitosheleze.

Miaka 17 baada ya Sutherland, mwaka 1980, katika chuo kile kile, Richard Bolt alieleza chumba ambamo mtu aliketi kitini akielekea ukuta mzima uliokuwa kioo, amefungwa kihisi kidogo mkononi, akanyoosha mkono kuonyesha umbo fulani na kusema kwa sauti liwekwe pale, na alipokuwa akisema pale mkono wake ulikuwa tayari umekwisha kupaonyesha mahali penyewe. Lile jambo ambalo mkono haukuliweza, yaani kueleza lifanywe nini, lilisemwa kwa ulimi, na lile ambalo ulimi ungelieleza kwa sentensi ndefu, yaani wapi, lilisemwa kwa mkono. Nadhani hapo ndipo njia ilipokuwa, na waliounda vyombo vya baadaye waliiacha walipotaka mkono uwe ulimi, kalamu na rula kwa wakati mmoja, wakawatungia wachoraji kamusi nzima za ishara: vidole viwili ni kukata, vitatu ni kunakili, ngumi ni kughairi. Mchoraji mzoefu wa AutoCAD huandika herufi L kuanza mstari na herufi C kuanza duara, bila hata ya kuitazama kibodi. Kumwondoa hapo na kumpeleka kwenye ngumi na vidole vitatu ni kumrudisha nyuma.

Basi kazi ya mkono huu ni ipi? Kwanza ni kazi ile ya filamu ya roketi, ya kuona; na hiyo sio kazi ndogo hata kidogo. Anayejenga nyumba katika miji yetu, akaitiwa ofisini kutazama ramani, mara nyingi huwekewa mbele yake karatasi ya mistari iliyotazamwa kutoka juu, na kwa adabu hutikisa kichwa kukubali asichokiona. Nyumba ikisimama ndipo anapogundua kwamba ngazi imeziba mwanga wa sebule, au kwamba aingiaye mlango mkubwa anaona mpaka jikoni, na wakati huo kurekebisha ni kuvunja. Mtu huyo akisimamishwa mbele ya nyumba yake kwenye kioo kikubwa, akaambiwa anyooshe mkono na kuigeuza mwenyewe, atafika jikoni kwa dakika moja. Hahitaji kufundishwa amri za programu, na wala hahitaji usahihi wa milimita, kwa sababu hatengenezi kitu; anatazama mali yake. Namjua msanifu mmoja ambaye humwachia mteja mkono huo na kunyamaza kimya, akifuatilia tu mahali mteja anapotuama kwa muda mrefu, na anasema kwamba hapo ndipo penye swali ambalo mteja hajalipatia maneno.

Madaktari walilifahamu jambo hili upesi kuliko sisi wa ramani. Mwaka 2011 wapasuaji wa Hospitali ya Sunnybrook, Toronto, walianza kutumia Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft iliyotoka mwaka uliotangulia, kufunua picha za ndani ya mwili wa mgonjwa katikati ya upasuaji, kwa kupunga mikono iliyokwisha kutakaswa ambayo ikigusa kipanya ni lazima itakaswe upya. Hawakuomba kuchora. Waliomba picha inayofuata, na picha kubwa zaidi, basi. Fundi wa karakana mwenye grisi mikononi, anayetaka kuugeuza mchoro wa gia aione upande wa pili, ana haja ile ile, na meza yake haina pahala pa kipanya.

Kazi ya pili ni ya mwanzo wa fikira, wakati umbo halijapata vipimo na halistahili kuvipata: paa liinuke zaidi au lilale, jengo lijikunje kufuata mkondo au linyooke. Hapo mkono uachwe ukandike na kuvuta kwa wingi, na programu iwe imeamriwa, kwa kanuni za Sutherland, kwamba kilichokaribia kunyooka kinyooke, kilichokaribia kulingana kilingane, na kila kilichovutwa kitue kwenye hatua za milimita 100 wala kisitangetange baina yake. Mruko wa wakati wa kuachia utakuwa hauna madhara tena, kwa kuwa hatua ya kutua ni pana kuliko mruko.

Kwa vijana wetu wanaoandika programu, mlango wa kazi hii uko wazi kuliko ulivyokuwa mwaka 2013. Tangu mwaka 2019 Google imetoa bure programu iitwayo MediaPipe, ambayo hutambua alama 21 za mkono, viungo na ncha za vidole, kwa kamera ya kawaida iliyomo katika simu au kompyuta ya mapajani, bila ya taa za infraredi wala kisanduku cha dola 80. Wanaotaka kuiunganisha na programu za usanifu nawaomba waanze na ishara mbili tatu tu: kiganja kilichofunguka kigeuze umbo, viganja viwili vikitengana vilikuze, na mkono ukishuka kwenye meza kila kitu kisimame papo hapo, ili kupumzika nako kuwe ni amri inayofahamika. Mkono uwe ni wa kushoto, kiwiko kikiwa mezani, na wa kulia, isipokuwa wakati wa kulikuza umbo, ubaki na kipanya chake. Vipimo viandikwe kwa tarakimu. Na amri ya kufuta, kwa hali yoyote, ibaki kwenye kibodi.